Tshimanga na kazi ya mwili

Wandugu wa shimoni, na nyinyi mama munaongoja franka ya juma nyumbani: leo tunazungumza juu ya mchezaji. Si Kidiaba wala Mputu, hao kila mtoto wa Nyangezi anawajua. Ni Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 24 Januari 1974, akakulia Longueuil, kule Québec, Kanada.

Mpira wa kule uko kama yai, na wanaushika mkononi. Kanada timu iko na watu 12 uwanjani, Marekani 11. Mmoja njo shefu wa ekipe, wanamuita quart-arrière: anapokea mpira, anaangalia, kisha anautupa mbali ao anamupa mkimbiaji. Mkimbiaji anaingia nao mu ukuta wa watu wa kilo mia na zaidi wenye kutaka kumuangusha. Hiyo njo ilikuwa kazi ya Tshimanga. Mtu aliyepita mu shimo jembamba, udongo ukimubana pande zote, anaelewa bila maelezo.

Kutoka Montréal alienda Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Tarehe 25 Novemba 1995 walicheza na Ohio State, timu ambayo mwaka ule ilikuwa haijafungwa na mtu. Quart-arrière wao, Brian Griese, akamupa Tshimanga mpira tena na tena, mara 37. Akakimbia yadi 313, ni kusema karibu mita 286, akiangushwa na kuinuka. Michigan wakashinda 31 kwa 23.

Mwaka 1996 Carolina Panthers wakamuchagua, wa 8 kati ya vijana wote wa mwaka ule. Alicheza mechi 4 tu, mishipa ya goti ikakatika. Akarudi, akaumia, akarudi tena. Mwaka 1999 alikimbia yadi 718, tukafikiri (wale wanaofuata mambo hayo) kwamba sasa imeanza. Mwaka 2001 mguu ukamuacha kabisa. Alikuwa na miaka 27. Kwa miaka 6 timu yake ilicheza mechi 96, yeye alicheza 50.

Wengi watasema: lakini alipata dola! Ndiyo, alipata. Ila mkataba wa kule uko na shimo ndani yake. Hata ukiandikwa miaka mingi, timu inaweza kukuachisha, na pesa isiyoandikwa kuwa ya hakika inapotea. Lakini ukivunjika mu mechi, wanakutibu, na mshahara wa mwaka ule unalipwa. Hiyo haikutoka kwa roho nzuri ya wakubwa. Wachezaji wa Marekani wako na sendika tangu 1956. Mwaka 1987 waliacha kazi, timu zikaingiza watu wengine mahali pao. Hiyo hila tunaijua!

Kanada sendika ni ya 1965. Mwezi wa Mei 2022 timu 7 kati ya 9 ziliacha kazi. Zile 2 za Alberta, sheria ya mkoa wao ilikuwa haijawaruhusu. Kisha siku chache viongozi wakaleta makubaliano. Wachezaji wakapiga kura: hapana. Mazungumzo yakaanza upya, ndipo wakakubali. Kwa mara ya kwanza, sehemu ya pesa ya mkataba ikawa ya hakika kwa mchezaji wa zamani anayebaki na timu yake.

Sisi je? Vijana wetu wanaenda Kamituga, Nzibira, na mkataba wao ni neno la mdomo la PDG wa shimo. Tumeshabeba wenzetu kwa kipoyi mpaka barabarani, miguu imevunjika, na hesabu ya hospitali ikaangukia mke. Hakuna aliyekataa kulipa, juu hakuna aliyeandika kwamba atalipa.

Tunaomba karatasi moja tu: nani analipa dawa, na familia inakula nini mpaka mtu apone. Jumapili kisha misa tunakutana. Kila ekipe ilete jina la shimo na la PDG wake, tuandike. Mama nanyi mukuje, nyinyi njo munajua hesabu ya hospitali.