EP4R: Hela ya elimu inayotoka matokeo yakionekana

Shule nyingi za Tanzania zina darasa au bweni "la EP4R". Wengi wanajua huo ni mradi wa majengo. Kumbe maana yake ni Lipa Kulingana na Matokeo: hela ya kujengea ilipatikana kwa sababu kuna kitu kingine kabisa kilikuwa kimetimizwa kwanza.

Kwa mtindo wa zamani, mhisani alilipia vitu: vitabu, semina, magari. Risiti zikikaa sawa, mambo yameisha, hata kama mtoto wa darasa la pili bado hasomi sentensi moja. Mtindo mpya unaanzia upande wa pili. Serikali na wahisani wanakubaliana vigezo, kila kimoja na bei yake. Kikitimia na kuhakikiwa, pesa inatoka. Kisipotimia, haitoki.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo nafuu wa dola milioni 122 kwa utaratibu huo, na Uingereza na Sweden zikachangia pia. Kati ya vilivyopimwa ni ruzuku kufika shuleni kwa wakati, walimu kugawanywa kwa uwiano, na kasi ya kusoma ya watoto wa darasa la pili.

Ukiviangalia vizuri, havilingani. Kutuma ruzuku au kuhamisha walimu kunamalizwa na saini ya ofisini. Kusoma kwa mtoto hakuna wa kukusainia. Halafu zawadi inaingia serikalini, wakati anayeshika chaki ni mwalimu, na mshahara wake uko palepale.

Je, mwalimu mwenyewe akilipwa? Shirika la Twaweza lilijaribu mwaka 2013 na 2014 kupitia KiuFunza, katika shule 350, kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya Sh10,000 kwa kila mwanafunzi. La pili, mwalimu aliahidiwa Sh5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lake la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu Sh1,000. La tatu lilipata vyote, na la nne halikupata kitu.

Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikupandisha alama. Sababu mojawapo ni kwamba wazazi nao walipunguza walichokuwa wanatoa mfukoni. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walifanya vizuri zaidi katika masomo yote matatu. Mwalimu mwenye hamu lakini hana vitabu amekwama, na mwenye vitabu lakini hana hamu, vilevile.

Lakini kipimo kibaya kinaweza kuumiza watoto. Mwaka 2013, chini ya Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa hadharani kwa alama za darasa la saba. Hapakuwa na malipo, ni aibu tu. Utafiti wa Cilliers, Mbiti na Zeitlin ulikuta kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipanda wastani, ila idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani ikashuka. Mtoto dhaifu ambaye hakuingia chumba cha mtihani hashushi wastani wa shule. Hilo walimu wakuu hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Hapo ndipo hesabu ya KiuFunza ilipokuwa tofauti. Mwalimu alilipwa kwa kichwa kilichofaulu, si kwa wastani wa darasa. Kumwondoa mwanafunzi dhaifu hakukumwongezea hata shilingi, na kama mtoto huyo angekazana akafaulu, Sh5,000 yake ilikuwa imepotea.