Foleni Inaingia Hadi Kifuani

Vijana wenzangu, nianze na swali. Ukipiga baiskeli kutoka Kipalapala kwenda Tabora mjini, ni wapi unaanza kukohoa? Wengi mtasema: lori likinipita, au nikifika stendi. Basi leo tuongee juu ya huo moshi, na namna mpango mzuri wa barabara unavyoweza kuupunguza.

Nilipokuwa chuo Dar es Salaam nilikuwa na rafiki mwenye pumu. Jioni moja tulikwama kwenye daladala, madirisha wazi, mbele yetu lori linatoa moshi mweusi. Magari hayasogei. Mara akaanza kuhema, kifua kinalia kama filimbi. Dawa yake ya kuvuta ameisahau chumbani! Tulishuka, tukatembea pole pole hadi duka la dawa. Siku ile alipata nafuu. Lakini nilijiuliza: hivi, kosa ni la lile lori peke yake?

MOSHI UNAFANYA NINI MWILINI?

Moshi wa magari una gesi pamoja na chembe ndogo sana. Zile za hatari zaidi hazizidi mikromita 2.5 kwa upana, wakati unywele wako una karibu mikromita 70. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwenye pumu anaweza kubanwa palepale. Ukizivuta miaka mingi, hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu inaongezeka. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani.

KWA NINI FOLENI INAZIDISHA?

Gari likisimama huku injini inaunguruma, linachoma mafuta bila kwenda popote. Likisogea kidogo, linasimama, linaondoka tena. Kila likiondoka linataka nguvu, yaani mafuta zaidi. Kwa hiyo gari lilelile, kwenye njia ileile, linatoa moshi mwingi zaidi siku ya foleni.

Sasa piga hesabu. Watu 100 wakipanda magari madogo wawili wawili, ni magari 50. Kila moja lina urefu wa kama mita 4, hivyo yanajaza mita 200 za barabara hata yakigusana. Basi refu la mita 18 linawabeba wote.

WENZETU WA DAR WALIFANYAJE?

Mei 2016 mabasi ya Mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Mabasi yalipewa njia yao katikati ya barabara, na kando zikajengwa njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Kazi hiyo iliipatia Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018.

Lakini tusidanganyane. Mwendokasi imekuwa na shida zake: mabasi machache, abiria kubanana, mafuriko pale Jangwani. Abiria akisubiri mpaka achoke, anapanda bodaboda au anatafuta gari lake. Kujenga njia pekee hakutoshi. Basi lazima lije.

NA SISI TABORA JE?

Mji wetu ulikua kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, na wapagazi walipita hapa kwa miguu. Hata leo wengi wetu ni wa miguu na baiskeli. Foleni kama ya Dar hatuna. Hiyo ndiyo bahati yetu: ni rahisi kupanga mapema kuliko kubomoa baadaye. Njia ya baiskeli itengwe na malori. Stendi isibanane na shule wala zahanati. Miti ya kivuli ibaki, ili mtu asione kutembea ni adhabu.

JARIBUNI HILI

1. Kaeni mahali salama kando ya barabara kwa nusu saa. Hesabuni magari, bodaboda, baiskeli, na watu waliomo.

2. Pakeni mafuta mazito kwenye karatasi mbili nyeupe. Moja itundikeni karibu na barabara, nyingine bustanini. Baada ya siku tatu linganisheni.

3. Pelekeni majibu kwa mwalimu, halafu kwenye mkutano wa serikali ya mtaa au kijiji. Ombeni kitu kimoja tu, kwa mfano madereva wazime injini wakisubiri mbele ya shule.

Na wewe mwenye pumu: dawa yako ikae mfukoni, isibaki chumbani. Ukibanwa, ondoka kwenye moshi, kaa wima, vuta dawa kama ulivyoelekezwa. Usipopata nafuu, wahi hospitali. Usione aibu kusema, "Jamani, nabanwa." Na nyie mliokaa naye, msimwache peke yake.