Mwalimu wa fedha: muulize kwanza riziki yake inatoka wapi

Walimu wa fedha wamejaa Tanzania. Wapo kwenye kumbi za hoteli, wakitoza kiingilio cha semina mlangoni. Wapo kwenye makundi ya WhatsApp, wakirusha picha za magari na ujumbe wa miamala iliyoingia asubuhi hiyo. Wapo kwenye nyumba za ibada, sokoni, saluni na kijiweni. Kila mmoja anaahidi kumtoa msikilizaji wake kwenye shida, na wengi wanazungumza vizuri. Ndiyo maana mzazi anayetaka kujifunza kupanga mapato yake, na kumfundisha mwanawe mapema, anajikuta na swali gumu kuliko hesabu zenyewe: nimwamini nani?

Swali hilo sasa linawagusa watu wengi kuliko zamani. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Simu ndiyo iliyowaingiza wengi wao. Muuza mboga wa Mabibo anaweza leo kukopa kwa kubonyeza tarakimu chache bila kuinuka nyuma ya meza yake. Huduma imemfikia, lakini hakuna aliyekaa naye kumweleza riba inahesabiwaje, akiba yake inalindwa na nani, au kuweka akiba kunatofautianaje na kuwekeza.

Kwa maoni yangu, mtu wa kuaminiwa katika mambo ya fedha hujulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni riziki yake: analipwa na nani, na atapata nini wewe ukipeleka hela yako anakokuelekeza? La pili ni daftari lake: unaweza kulifungua na kulikagua, au unaambiwa uwe na imani tu? Anayeshindwa kujibu hayo mawili, hata awe ndugu, kiongozi wa dini au bosi wako wa zamani, asishike shilingi yako.

Tulipoamini sura

Wanaoikumbuka DECI hawahitaji maelezo marefu. Iliwavuta Watanzania wengi kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna: unapanda kiasi fulani, unasubiri, kisha unavuna zaidi ya ulichopanda. Walioiongoza walikuwa wachungaji, na kwa waumini wengi hilo lilitosha kuwa dhamana. Serikali iliisimamisha mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Hapakuwa na shamba wala kiwanda nyuma ya zile mbegu. Katika mpango wa namna hiyo, mavuno ya waliotangulia ni mbegu za waliofuata, na siku wanaoingia wakipungua, wa mwisho huondoka mikono mitupu.

Miaka 16 baada ya DECI kusimamishwa, kizazi kingine kilipitia njia ileile. Mwanzoni mwa 2025 polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na LBL, mpango wa mtandaoni ambao wanachama waliweka fedha kisha wakaahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Safari hii hapakuwa na mchungaji. Aliyeaminiwa alikuwa rafiki wa chuoni, jirani au shemeji aliyeonyesha ujumbe wa hela iliyoingia kwenye simu yake.

Hapa ndipo swali la riziki linapofanya kazi. Katika mipango hii anayekuingiza hulipwa kwa kukuingiza. Shemeji anayekusihi ujiunge huenda anaamini kwa dhati kuwa anakusaidia, lakini ushauri wake umeshalipiwa, na atakayeulipia ni wewe. Mshauri wa kweli hapungukiwi na kitu ukimjibu, “Ngoja kwanza nikalale nalo.” Anayekuambia nafasi zinaisha leo usiku amekwisha kukujibu.

Siri ndiyo mbolea ya riba

Upande wa mikopo hali ni hiyohiyo. Mitaani mikopo ya riba kubwa inaitwa kausha damu, na jina hilo limepatikana kwa uchungu. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 200,000 unaorejeshwa kwa shilingi 10,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa siku 26 za kazi. Mkopaji anarudisha 260,000. Riba ni 60,000, yaani asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Tena hakai na zile laki mbili kwa mwezi mzima, kwa kuwa anaanza kuzirudisha kesho yake. Kwa hiyo gharama halisi inazidi hata hiyo asilimia 30. Utaratibu wa Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wasiopokea amana unaweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili, hiyo ni shilingi 7,000.

Basi kwa nini mtu mwenye akili timamu aende kwenye 60,000 na kuiacha 7,000? Mara nyingi anakimbia macho ya watu. Mke hataki mumewe ajue kuwa mtaji umeliwa na ugonjwa wa mtoto. Mume hataki mkewe ajue kuwa mshahara umeishia kwenye kubeti. Mwalimu anaona haya kusimama mbele ya kamati ya mikopo ya SACCOS, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, anampelekea mkopeshaji wa uchochoroni kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Aibu ndiyo dhamana yenyewe ya mikopo hii. Wakopeshaji wa kwenye simu wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi yao huwatumia ndugu na marafiki wa mkopaji ujumbe wa kumdhalilisha siku rejesho linapochelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa kifedha kwa mtu mzima, kabla ya somo lolote la bajeti, ni kupata hata mtu mmoja wa kumwambia ukweli wa madeni yake: yote, kwa majina na tarakimu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Deni bila daftari ni baya zaidi, kwa kuwa lenyewe halipotei.

Pa kuhakikishia papo

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne, na kila daraja lina mwenyewe wa kulisimamia. Taasisi zinazopokea amana na wakopeshaji wasiopokea amana wako chini ya Benki Kuu. SACCOS ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kijamii vya akiba na mikopo kama VICOBA husajiliwa kupitia halmashauri, na mlango wao wa karibu ni ofisa maendeleo ya jamii. Anayeomba kusimamia uwekezaji wako anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa hiyo ukiletewa jambo, swali la kwanza ni “leseni yako imetolewa na nani?” Kinachofuata ni kwenda kwa huyo aliyeitoa na kuthibitisha. Nakala iliyobandikwa ukutani haitoshi, maana karatasi huchapishwa popote.

Ulinzi nao una mipaka inayopaswa kujulikana. Amana zilizo benki zinakingwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja endapo benki itafilisika. Kinga hiyo haigusi sanduku la kikoba wala vipande vya mfuko wa uwekezaji, ambavyo thamani yake hupanda na kushuka. Mwalimu mwaminifu hukutajia hasara kabla hujamuuliza. Anayezungumzia faida tupu anauza.

Kipimo cha riziki kinawahusu hata wenye leseni. Ofisa wa benki anayekuja shuleni au kazini kufundisha kuweka akiba anafanya kazi njema, lakini ana malengo ya akaunti na mikopo anayopaswa kufikisha. Msikilize, kisha mpeleke kwenye tarakimu. Nitarudisha jumla ya shilingi ngapi? Kitakatwa nini kabla mkopo haujanifikia? Nikichelewa wiki moja itakuwaje? Omba mkataba kwa Kiswahili na ulale nao nyumbani usiku mmoja. Kisha kaulize kwingine, maana bei ya mkopo hulinganishwa kama bei ya mchele.

Sanduku lenye makufuli matatu

Shule bora ya fedha niijuayo kwa watu wazima haina ukumbi. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake kwa utaratibu wa akiba na mikopo ambao baadaye ulienea sehemu nyingi za Afrika, zikiwemo Zanzibar na Tanzania Bara. VICOBA vyetu ni watoto wa ukoo huo. Wanachama, mara nyingi kati ya 15 na 30, hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Katika utaratibu wa asili sanduku lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Hela huhesabiwa kwa sauti, mbele ya macho ya wote.

Ndani ya utaratibu huo mna mtaala mzima. Mwanachama anaona riba ikiingia na kujua inakwenda wapi. Anajifunza kusema hapana kwa mkopo uliozidi kiwango ambacho hisa za mwombaji zinaruhusu. Anamwona mwenzake akifiwa, mfuko wa jamii ukifunguliwa, na anaelewa maana ya akiba ya dharura bila kuhudhuria semina. Hakuna anayepata kamisheni kwa kumleta mwingine. Kijumbe wa mchezo wa kawaida wa kuchangishana fedha akiandika kila jina na kila zamu mahali pa wazi, anafundisha somo hilohilo kwa kiwango kidogo.

Kikoba nacho huharibika, tena kwa namna inayojulikana. Huharibika daftari linapobaki kwa mwenyekiti mmoja, hesabu zinaposomwa kwa haraka, na mtu anapoogopa kuuliza ili asionekane mkorofi. Kikundi chema humshukuru anayeuliza. SACCOS vilevile: mwanachama ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu na kuisikia taarifa ya hesabu zilizokaguliwa. Wengi huenda, hula, husaini posho na kuondoka. Huko ndiko tunakopoteza shule tuliyokwisha kuilipia ada.

Mtoto husoma tunavyoishi

Kwa watoto, tuanze na tulichonacho. Mtoto anayetumwa dukani na shilingi elfu mbili, akaambiwa ahesabu chenji na aeleze kila kitu kimegharimu kiasi gani, yuko darasani. Anayekwenda sokoni na mama na kusikia bei ikiteremka kwa maneno mazuri anajifunza kuwa bei huzungumzwa. Akifika miaka kumi hivi, apewe hela ya wiki badala ya hela ya siku, na ikiisha Jumatano asiongezewe. Siku mbili za kukosa maandazi zitamfundisha zaidi ya hotuba ya baba.

Kibubu bado ni kifaa kizuri, mradi wazazi tukiheshimu. Mara ngapi mtoto hupewa hela ya sikukuu na shangazi, mama akasema “lete nikutunzie”, na ikawa ndiyo kwaheri? Dharura zipo, na mzazi anaweza kulazimika kukopa kwenye kibubu cha mwanawe. Basi aseme kuwa anakopa, aandike, na arudishe kwa tarehe aliyoitaja. Mtoto aliyerudishiwa atakuja kurudisha mikopo ya watu. Aliyedhulumiwa na wazazi wake amefundishwa kuwa akiba ni ya mwenye nguvu, na atafanya busara kutumia kila anachopata siku hiyohiyo.

Kibubu kikijaa, apelekwe benki akaweke kwa mkono wake. Zipo akaunti za watoto, kama Mtoto Akaunti ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB, na kampuni ya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS ina Mfuko wa Watoto ambao mzazi humnunulia mtoto vipande. Mwonyeshe taarifa ya akaunti kila mwaka, makato yakiwemo, na umzoeshe kuuliza kwa nini yamekatwa. Kwa kijana wa sekondari mazungumzo yaende mbali zaidi: mkeka wa kubeti unalipwa na nani, na kwa nini kampuni inayouendesha haifilisiki. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeliweka somo la Elimu ya Biashara kati ya masomo ya lazima ya sekondari ya chini. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kijana anayefundishwa darasani kuandika mapato na matumizi, kisha nyumbani akakuta fedha ni jambo la kunong'onezana na kugombana, ataamini ya nyumbani.

Ndiyo maana elimu ya mkubwa na ya mdogo haziwezi kutenganishwa. Familia inayokaa mara moja kwa mwezi, ikaweka mezani kodi, ada, umeme, chakula na madeni, inawafundisha wote kwa wakati mmoja. Mtoto hahitaji kujua kila shilingi ya mshahara. Anahitaji kuona kuwa wakubwa wake wanahesabu, wanaandika, wanakubaliana, na kwamba anayeuliza hagombezwi.

Serikali nayo imeanza safari. Wiki ya Huduma za Fedha Kitaifa, iliyoanza mwaka 2021, imekuwa ikiwapeleka wasimamizi na watoa huduma karibu na wananchi. Inafaa iendelee, lakini wiki moja kwa mwaka ni fupi mno kwa mtu anayefuatwa na mkopeshaji kila jioni. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni, na ya waliokatazwa, ibandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kata na kusomwa kwenye mikutano ya mtaa. Ofisa maendeleo ya jamii apewe nauli ya kuvitembelea vikundi na kukagua madaftari yao. Wakati tukiyadai hayo, kila mmoja wetu ana haki ambayo haisubiri bajeti ya Serikali: kumtazama usoni yeyote anayetaka kutushikia fedha, kumuuliza anapata nini kwetu, na kumwambia alete daftari.