Daktari Aliyewageuza Wagonjwa Kuwa Wanafunzi

Sogeeni, wajukuu zangu. Kisa cha leo ni cha kweli, kilitokea Boston, Marekani.

Alikuwapo daktari aitwaye Elliott Joslin, aliyezaliwa mwaka 1869. Mama yake mzazi aliugua kisukari, na wakati huo insulini ya kuchoma sindano haikuwapo. Frederick Banting na wenzake waliipata mwaka 1921, kule Toronto, Kanada. Lakini wengi wetu tuna insulini yetu, inatengenezwa na kongosho. Tukila ugali au wali, chakula hugeuka sukari ikaingia kwenye damu, na insulini ndiyo inayoifanya sukari hiyo itoke damuni itupe nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili huwa mzito kuiitikia insulini, na kongosho nayo huchoka. Sukari ikizidi damuni miaka na miaka, huumiza macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Joslin aliona kwamba mgonjwa hukaa na daktari kwa kitambo tu, kisha hurudi kwake, kwenye sufuria na birika la chai. Huko nani atamwamulia? Ni yeye mwenyewe. Basi mwaka 1918 akatoa kitabu kwa ajili ya madaktari na wagonjwa wao. Akawatuma wauguzi majumbani wakafundishe. Wagonjwa wake walijipima mkojo kwa kuuchemsha na dawa ya buluu: ikibaki buluu, hakuna sukari, ikigeuka kijani, ipo kidogo, ikiwa nyekundu kama tofali, ni nyingi mno. Matibabu aliyafananisha na gari la farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi. Na hatamu, wajukuu zangu, zi mkononi mwa mgonjwa.

Mimi naamini zawadi kubwa ya mafunzo hayo ni kuondoa hofu. Bibi aliyeambiwa “usile sukari” tu, basi, huogopa kila sahani, na harusini hujitenga. Aliyefundishwa anajua kwamba wali anaweza kula, kiasi, pamoja na mboga za majani na maharage. Anajua kutembea kila siku kunamsaidia. Na kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge, anajua kwamba akianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba, huenda sukari imeshuka, na hapo anywe kitu kitamu mara moja. Ndiyo, kitu kitamu! Wengi hushangaa wakisikia hivyo.

Miguu nayo ina habari yake. Mishipa ya fahamu ikifa ganzi, mtu huchomwa mwiba asijue. Kwa hiyo aliyefundishwa hatembei peku, na kila jioni hutazama nyayo zake. Kama bibi yako macho yamepungua nguvu, mwombe umtazamie wewe, hata katikati ya vidole. Ukiona kidonda au lengelenge, waambie wakubwa siku ileile wampeleke kliniki.