Deni Kwanza au Ploti Kwanza?



Tukitembelea vikundi vya Trans Nzoia, kuna swali moja ambalo hutungoja kila mwaka mahindi yakishauzwa na watu wakiwa na pesa kidogo mkononi: "Walimu, tulipe madeni kwanza, ama tushike ploti kwanza?"

Ni swali zuri, na halina aibu. Wengi wenu mnaishi nyumba za kupanga nyuma ya maduka, chumba kimoja na watoto wanne, na kila tarehe tano mwenye nyumba anabisha mlango. Mtu akisema anataka mlango wake mwenyewe, hiyo si tamaa. Ni haki ya kila familia kuwa na pahali pa kulaza watoto bila wasiwasi.

Lakini inatubidi tukubali kosa letu. Miaka ya nyuma sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia watu, "Nunua ardhi kwanza, deni litajilipa." Tumeona matunda ya maneno hayo, na si matamu. Basi leo tueleze upya, polepole.

Mzee na mama wa kikundi kimoja

Mume huendesha boda boda, mke huuza mboga sokoni. Wametukubalia tueleze habari zao bila majina. Walikuwa wameweka shilingi 60,000 kwa miaka miwili. Siku moja mume akasikia kuna ploti ya futi 50 kwa 100 inauzwa kwa shilingi 350,000. Mwenye kuuza alitaka rubuni ya 100,000 kabla ya Ijumaa, na akasema, "Kuna mtu mwingine anakuja na pesa taslimu." Mume akaamua kukopa zile 40,000 zilizopungua kwa shailoki.

Mama akasema, "Baba, kabla hatujaongeza deni, si tuhesabu kwanza yale tuliyo nayo?" Wakaja kwenye mkutano wa kikundi na daftari. Tuliandika hivi:

- Shailoki: 20,000, riba 4,000 kila mwezi
- Mkopo wa simu: 6,000, ambao huulipa na kuuchukua tena kila mwezi, na ada yake ni 540
- Dukani: 4,500, bila riba
- Karo ya shule: 8,500, bila riba
- SACCO: 40,000, riba asilimia 1 kwa mwezi, yaani 400 kwa mwezi huu

Jumla ni shilingi 79,000. Mume alishtuka, maana alikuwa akifikiri ni kama hamsini hivi. Watu wengi ni hivyo: kila deni unalijua peke yake, lakini hujawahi kuyaketisha yote kwenye meza moja. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na inafanywa na mume na mke pamoja. Deni lililofichwa kwa mwenzio haliwezi kupangwa.

Deni kubwa si lazima liwe deni baya

Tulipowauliza walipe lipi kwanza, karibu kikundi chote kilisema, "SACCO, kwa sababu ndilo kubwa." Tuangalie tena. SACCO ya 40,000 inakula 400 kwa mwezi. Shailoki wa 20,000 anakula 4,000. Deni ni nusu, lakini riba ni mara kumi. Kwa mwaka mmoja shailoki atachukua 48,000, na ile 20,000 yake bado imesimama pale pale kama mti.

Kwa hiyo usiulize tu, "Nadaiwa ngapi?" Uliza, "Deni hili linakula ngapi kila mwezi?" Panga madeni yako kwa ulaji wake, na lile linalokula zaidi lilipwe kwanza. Madeni yasiyo na riba, kama dukani na karo, pia yasisahauliwe. Hayali pesa, lakini yanakula heshima, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani.

Neno moja kuhusu riba. Mkopeshaji akikuambia "asilimia 12 kwa mwaka", muulize: inahesabiwa juu ya pesa yote niliyokopa, ama juu ya salio linalobaki? Mfano: umekopa 60,000 na unarudisha 5,000 kila mwezi kwa miezi 12. Riba ikihesabiwa juu ya pesa yote, utalipa riba ya 7,200. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, asilimia 1 kwa mwezi, utalipa 3,900. Kwa mdomo asilimia ni ile ile, lakini moja inakugharimu karibu mara mbili. Usitie sahihi kabla hujajibiwa.

Walifanya nini na zile 60,000?

Walilipa shailoki 20,000, simu 6,000, duka 4,500 na karo 8,500. Jumla 39,000. Wakabaki na 21,000, ambazo waliziacha kwa akiba ya shida: ugonjwa, pikipiki kuharibika, msiba. Mkopo wa SACCO waliendelea kuulipa kama kawaida.

Mama alilia kidogo. "Miaka miwili ya kujinyima," akasema, "na sasa nimebaki na ishirini na moja." Tulimwelewa. Lakini tulimwomba ahesabu pamoja nasi. Zile 4,000 za shailoki na 540 za simu sasa zinabaki nyumbani, yaani 4,540 kila mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi 54,480. Ukiongeza zile 21,000, unapata 75,480. Kumbe baada ya mwaka mmoja wana pesa zaidi ya zile walizoanza nazo, na madeni manne yamekufa.

Na kama wangekopa 40,000 nyingine kwa shailoki yule yule? Riba yake ingekuwa 8,000 juu ya zile 4,000. Elfu kumi na mbili kila mwezi, ya riba peke yake, na bado ploti inadai 250,000, na bado kodi ya nyumba inalipwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Na ile ploti je?

Hapa ndipo habari inapotufundisha zaidi. Kabla ya Ijumaa ile, kikundi kilimtuma katibu aende na mume kwenye ofisi ya ardhi Kitale na nambari ya shamba, wafanye upekuzi, ambao wengi huuita "sachi". Jibu lilikuja: hati bado iko kwa jina la babake muuzaji, na mzee huyo alifariki zamani. Hakuna kesi ya urithi iliyokuwa imemalizika. Kijana alikuwa akiuza kitu ambacho bado si chake.

Sheria ya Urithi, Sura 160, hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla korti haijathibitisha hati ya usimamizi wa mali yake. Mtu mwingine alitoa rubuni kwa kijana yule. Ploti hana, na pesa bado anazidai.

Basi, siku yenu ya kununua ikifika, fuateni haya:

1. Fanyeni sachi wenyewe. Itaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna benki inayoidai au kizuizi kilichowekwa. Usikubali nakala ya sachi uliyoletewa na muuzaji.

2. Ulizeni kama ploti ina hati yake, ama ni kipande cha hati mama. Huku kwetu mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na vikundi na kampuni, yakagawanywa, na hadi leo baadhi ya wenye vipande wana karatasi ya hisa tu. Karatasi ya hisa si hati ya ardhi.

3. Tembeeni kwenye shamba mchana pamoja na sevaya, mwone mipaka. Salimieni majirani na mzee wa kijiji. Jirani atakwambia jambo ambalo ofisi haiwezi kukwambia.

4. Mapatano yawe kwa maandishi. Sheria inataka mapatano ya kununua ardhi yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi aliyeiona ikitiwa. Maneno ya mdomo chini ya mwembe hayatoshi.

5. Mke au mume wa muuzaji awepo na akubali. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi na mmoja bila mwenzake kukubali.

6. Kama ni ardhi ya kilimo, nendeni mbele ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ile tunayoiita Lendi Bodi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Sheria inasema mauzo bila kibali cha bodi ni batili.

7. Wekeni pesa ya gharama kando. Bei ya ploti si bei peke yake. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ndani ya miji na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya 350,000 mashambani hiyo ni 7,000. Bado wakili, sevaya na ada za ofisi. Wengi huishia njiani hapa: wamelipa ploti yote, lakini hati imebaki kwa jina la muuzaji.

Na muuzaji akikuharakisha, wewe punguza mwendo. Ploti nyingine itauzwa mwezi ujao. Pesa iliyopotea hairudi mwezi ujao.

Kikundi kinaweza kusaidia vipi?

Kikundi si cha kuchangiana sufuria na vikombe tu. Kinaweza kumkopesha mwanachama kwa riba ndogo ili amalize shailoki, mradi kamati ione daftari la madeni yake yote, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kinaweza kumtuma mtu wa pili kwenye sachi, kwa sababu mwenye hamu ya kununua macho yake yameshapofushwa na hamu. Kinaweza pia kutoa mashahidi. Lakini kabla ya kumdhamini mtu SACCO, kumbukeni: asipolipa yeye, mtalipa ninyi. Kumpenda mwenzako si kumwekea sahihi bila kuuliza.

Wale wawili bado wanapanga chumba kile kile. Hatutawadanganya kwamba wamejenga. Lakini shailoki habishi tena, SACCO wamekaribia kumaliza, na mkopo ukiisha wataweza kukopa tena kwa hisa zao, safari hii kwa ajili ya ardhi iliyo na hati. Mama alituambia majuzi, "Kodi bado nalipa, lakini sasa nalala."

Dawa ya deni ni kulipa. Na msingi wa nyumba huchimbwa kwanza kwenye daftari, kabla ya kuchimbwa kwenye udongo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, mume na mke katika nyumba zetu wanajua madeni yote ya nyumba? Kama sivyo, kwa nini?
2. Kati ya madeni yako, ni lipi linalokula zaidi kila mwezi?
3. Kikundi chetu kina sheria gani kuhusu kumdhamini mwanachama?
4. Nani kati yetu amewahi kufanya sachi? Atueleze alivyofanya.