Usikubali Hoteli Ikupimie Chakula

Dereva mmoja wa matatu za kati ya Nakuru na Nairobi alinijia akilalamika kwamba macho yake yamefifia na kiu haimwishi. Ana umri wa miaka 42. Nilipompima, sukari katika damu ilikuwa 17, ilhali 11.1 pamoja na dalili kama hizo yatosha kuthibitisha kisukari. Nilipomgusia kitambi chake akacheka. "Daktari, huu si ugonjwa," akasema. "Ni ishara kwamba mambo yangu ni mazuri."

Huenda nawe, msomaji, ungenijibu vivyo hivyo. Lakini hebu itazame siku yake. Asubuhi, kabla ya gari kujaa, hula mandazi matatu kwa chai ya maziwa. Akifika Naivasha hula chipsi na soda. Jioni, akiwa na wenzake, ni nyama choma na ugali mkubwa. Saa nyingine zote ameketi penye usukani. Kila mara, aliyeamua kiasi cha chakula ni mpishi, si mlaji.

Hapo ndipo penye hatari. Wenye hoteli hushindania wateja, na mteja hupenda sahani iliyofurika kwa kuwa anaona pesa zake hazikupotea. Nyumbani, ugali uliobaki hurudishwa jikoni. Hotelini umeshaulipia, na tangu utotoni tumefunzwa kwamba kutupa chakula ni dhambi. Basi twala mpaka sahani ing'ae, hata kama njaa iliisha zamani. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuthibitisha kwamba watu wakiandaliwa chakula kingi, hula kingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kitambi pia.

Matokeo yake tunayaona hapa kwetu. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka wa 2007 na 2008 miongoni mwa watu wa miaka 50 na zaidi ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na shinikizo la damu, na asilimia 13 walikuwa na unene wa kupindukia. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka wa 2015 ulipata kwamba asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Je, ufanyeje? Si lazima uzihame hoteli. Agiza nusu sahani, au mgawane ugali mmoja watu wawili. Sukuma wiki na kachumbari zijaze nusu ya sahani, ugali robo, na nyama robo. Kikibaki chakula, mwambie mhudumu akufungie uende nacho. Badala ya soda, kunywa maji. Chupa ya soda ya mililita 500 yaweza kuwa na zaidi ya vijiko 12 vya chai vya sukari, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ni afadhali zaidi sukari ya kuongezwa isizidi takriban vijiko 6 kwa siku.

Kisha jipime leo hii. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje mara mbili, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu. Isipofika, usingoje kiu wala macho kufifia. Nenda ukapimwe sukari na shinikizo la damu.

Dereva wetu alirudi baada ya miezi sita. Bado anameza dawa, lakini sukari imeshuka hadi 8 na macho yamerudi. Jambo lililomtia hofu halikuwa kitambi, bali kuipoteza leseni inayowalisha watoto wake wanne. Siku hizi, akiingia hotelini, neno lake la kwanza ni "nusu".