Rangi ya Unga Ikishindwa na Kutu

Mwenye gari aishiye kandokando ya bahari, iwe Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, aghalabu hupeleka springi na mikono ya sapensheni ikapigwe rangi ya unga, akidhani ya kuwa ameagana na kutu; na baada ya miaka miwili mitatu huinama chini ya gari akakuta malengelenge yamefutuka juu ya ile rangi ambayo bado inang'aa, na akiyatoboa kwa ukucha humwagika vumbi jekundu ambalo lilikuwa likila chuma kwa siri. Mintarafu ya jambo hilo napenda kuwaeleza wasomaji sababu zake na dawa zake, maana fedha nyingi hupotea kwa kupaka rangi mpya juu ya maradhi ya zamani.

Rangi hii ni unga mkavu wa resini, ambao hutiwa umeme katika bomba la kupulizia ukavutwa na chuma, kisha chuma huingizwa katika joko lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa kadiri ya dakika 10 hadi 20, hata unga ukayeyuka na kuwa ganda moja lenye unene wa mikroni 60 hadi 100. Chimbuko la ufundi huu ni kazi ya Erwin Gemmer wa Ujerumani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitumbukiza vyuma vilivyopashwa moto ndani ya unga uliopeperushwa kwa hewa. Ganda lake ni gumu na zuri, nami silikanushi. Lakini lina taksiri mbili. Ya kwanza, linapoyeyuka hujivuta mbali na ncha kali, likaacha utando mwembamba mahali panapogongwa na kokoto kuliko pote, ilhali ndani ya kona zenye kina umeme hauupeleki unga wa kutosha. Ya pili, likipasuka mahali pamoja, maji ya chumvi huingia chini yake na kusafiri, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya ile ya chuma kilicholiwa, ganda zima huinuliwa polepole likabaki limefunika unyevu badala ya kuuzuia.

Walakini sababu kubwa ya kushindwa haimo katika unga. Imo katika kuandaa chuma. Chuma kilichokwisha kuliwa kina vishimo vidogo ambamo chembe za chumvi hujificha, wala brashi ya waya haizitoi. Hung'arisha tu juu yake. Chumvi hiyo huvuta maji ya hewa, na hewa ya pwani haina uchache wa maji. Fauka ya hayo, magari yaliyotumika Japani, hasa sehemu za kaskazini kama Hokkaido ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, yamkini hufika bandarini kwetu yakiwa na kutu chini yake kabla hata hayajaonja upepo wa bahari yetu.

Basi dawa ya kwanza ni kuvua rangi yote, wala si malengelenge peke yake. Kioshwe kwanza chuma kwa maji baridi mengi na sabuni, kitoke grisi na chumvi. Kisha kipulizwe kwa garneti au chembe za chuma cha pua mpaka kifike daraja la Sa 2½ la kanuni ya kimataifa ya ISO 8501-1, yaani chuma kitupu chenye kukwaruza mkononi, kisichobaki ila alama hafifu za madoa. Hadhari na mchanga wa ufukweni: wenyewe una chumvi, na vumbi la mchanga wowote wenye silika huingia mapafuni mwa fundi likamletea maradhi yasiyo na tiba. Kadhalika dawa za kuvulia rangi zenye methilini kloraidi zisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani mvuke wake umekwisha kuua watu. Springi na bolti ngumu zisichovywe katika tindikali, maana haidrojeni huingia ndani ya chuma chake ikakifanya kivunjike ghafula. Na rimu za alumini zisitiwe katika joko la kuchomea rangi, kwa kuwa moto mkali huondoa nguvu ya madini yake.

Chuma kikisha kuwa safi, saa ni chache. Kipakwe siku ile ile, kabla wekundu haujarudi, kwa praima yenye zinki nyingi, kwa sababu zinki hukubali kuliwa badala ya chuma. Ncha kali zisuguliwe zipate mviringo. Nyuzi za bolti na nyuso zinazokutana zifunikwe, kwani ganda nene chini ya nati hubonyea, na nati iliyokazwa barabara ikalegea njiani.

Ama kwa sehemu zilizo chini ya gari, rai yangu ni kuiacha rangi ya unga na kutumia epoksi ya kimiminika yenye zinki, kisha rangi ya poliyurethani juu yake. Haipendezi macho sana, lakini kidonda kikitokea hutibiwa kwa brashi hapo hapo, ghairi ya kufungua kitu wala kutafuta joko. Maseremala wa majahazi walilijua jambo hili tangu zamani: deheni na sifa, yaani mafuta ya kupakia vyombo, hupakwa tena na tena, kwa kuwa bahari haipokei kinga ya mara moja. Dawa za kugeuza kutu, zile za tanini au za tindikali ya fosforasi, zafaa pale kutu ilipo nyembamba. Juu ya magamba manene hazifiki chini.

Na kabla ya hayo yote, chuma kigongwe kwa nyundo. Kikitoa sauti butu, au kikabonyea, kitupwe kinunuliwe kingine, kwani hakuna rangi inayorudisha unene uliokwisha kuliwa. Nawasihi wenye magari: msilipe kazi ya rangi kabla fundi hajakuonyesheni chuma kikiwa kitupu.